Mwanafunzi wa Chuo Kikuu na Saa Zake

Kyumbi, katika Kaunti ya Machakos, ni mahali ambapo barabara iendayo mjini Machakos huachana na barabara kuu ya kutoka Nairobi hadi Mombasa. Kijana wa Kyumbi aliyepata nafasi katika Chuo Kikuu cha Machakos aweza kupanda matatu asubuhi, akahudhuria masomo, na jioni akarudi kulala kwao. Chuo hicho kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Kenyatta tangu mwaka 2011, kikapata hati ya kujitegemea mwaka 2016. Kwa hiyo kijana wa namna hii ana bahati: hula nyumbani, wala halipi kodi ya chumba.

Lakini kuna jambo moja asiloambiwa na mtu siku ya kwanza, nalo ni kwamba kengele imekwisha. Katika shule ya sekondari kengele ilimwamsha, ikamwita darasani, ikampeleka kula, na usiku ikamwambia alale. Akichelewa, mwalimu wa zamu alimwuliza sababu. Katika Chuo Kikuu mhadhiri hufundisha, hutaja siku ya kuleta kazi, kisha huenda zake. Asiyeleta kazi hafuatwi nyumbani. Hukosa alama, basi. Hivyo kijana aliyefaulu vema katika Kidato cha Nne aweza kurudia somo au mwaka mzima, si kwa upungufu wa akili, bali kwa sababu tarehe ilimpita. Na mwaka huo ni mbuzi waliouzwa, ni michango ya harambee, tena ni deni la Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ambalo hapana budi kulipwa.

Yafaa kwanza kuhesabu. Juma lina saa 168. Tuseme mwanafunzi hulala saa 8 kila usiku. Hizo ni 56. Tuseme ana masomo ya saa 20, na safari ya kwenda na kurudi, pamoja na kungoja gari, ni saa 2 kwa siku tano, yaani 10. Kula, kuoga na kazi za nyumbani zichukue saa 3 kila siku, yaani 21. Ibada, jamaa na mapumziko zipewe saa 2 kila siku, yaani 14. Jumla ni 121. Zimebaki saa 47. Mbona basi wanafunzi wengi husema hawana nafasi ya kusoma?

Jibu lake laonekana katika mashamba ya Ukambani. Katika miaka ya 1930 ardhi ya Machakos ilikuwa imeharibika sana kwa mmomonyoko. Mvua ilinyesha, lakini maji yaliteremka upesi na kuchukua udongo mpaka makorongoni. Baadaye watu walichimba makinga maji kwa bidii, hasa kwa njia iitwayo fanya juu: mfereji hukata mteremko kwa upana, na udongo wake hutupwa upande wa juu uwe ukingo. Wataalamu walioichunguza wilaya hiyo na kutoa kitabu mwaka 1994 walikuta kwamba watu wameongezeka zaidi ya mara tano tangu miaka ya 1930, na hali mmomonyoko umepungua. Saa 47 za mwanafunzi ni kama mvua ile. Robo saa huteremka kituoni, nusu saa huenda na simu, jioni moja huenda na mazungumzo. Na juma likiisha, hakuna kilichobaki shambani. Kwa hiyo hapana budi kuzikinga saa, na makinga yake ni haya.

La kwanza ni daftari moja la tarehe. Siku muhula unapoanza, mwanafunzi aandike humo siku ya mwisho ya kulipa karo, ya kujiandikisha kwa masomo na mitihani, ya kila jaribio, na ya kila kazi ya kuandika. Asiandike nyingine katika simu na nyingine nyuma ya kitabu. Katika vyuo vingi vya Kenya kazi na majaribio ya katikati ya muhula huchukua kwa kawaida alama 30 katika 100. Azidharauye hizo huingia katika mtihani wa mwisho akiwa amekwisha kupoteza.

La pili ni ratiba ya juma. Saa za kusoma zipewe siku na mahali pake. Kwa akaaye Kyumbi, ni afadhali asome maktabani kabla ya kupanda gari la jioni kuliko kutumaini kusoma baada ya kufika nyumbani, ambako kuna kuchota maji, wageni na uchovu. Kama wazazi hawajui ratiba hiyo, awaeleze kwa adabu. Mzazi aliyeuza mbuzi hatakataa mwanawe asome.

La tatu ni kurudia mapema. Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alijipima mwenyewe kwa kukariri maneno yasiyo na maana, akatoa matokeo yake mwaka 1885. Aliona kwamba baada ya saa moja zaidi ya nusu ya alichojifunza ilikuwa imepotea, na baada ya siku moja karibu theluthi mbili. Aliona pia kwamba kurudia kwa siku mbalimbali hushinda kurudia kwingi kwa mara moja. Kwa hiyo safari ya jioni si ya bure: mwanafunzi aweza kufunga daftari na kujiuliza moyoni, "Leo mhadhiri alisema nini?" Asichokumbuka ndicho cha kutazama kwanza asubuhi.

La nne ni jalada la karatasi. Stakabadhi za karo, barua za mkopo, na nakala za kazi zilizokwisha kutolewa zikae pamoja. Siku ofisi itakaposema karo haikulipwa, karatasi ndiyo itakayomtetea.

La tano ni mwethya. Makinga mengi ya Machakos yalichimbwa na watu waliokusanyika leo kwa huyu, kesho kwa yule. Wanafunzi wanne au watano wa somo moja waweza kufanya vivyo hivyo, kila mmoja akifafanulia wenzake sura moja. Lakini asiyeleta jembe hana haki ya kulimiwa.

Na aliyekwisha kuchelewa afanye nini? Asijifiche. Amwendee mhadhiri wake kabla ya mtihani, wala si baada ya matokeo, amweleze kazi ipi imebaki. Ukingo uliobomoka pahali pamoja hutengenezwa kwa koleo siku hiyo hiyo. Ukiachwa msimu mzima, shamba huondoka.

Jumapili jioni yatosha robo saa. Mwanafunzi afungue daftari la tarehe, atazame juma lijalo, na kila kazi aipe siku yake. Robo saa hiyo ndiyo kengele yake mpya, na hakuna mtu mwingine atakayeipiga.