Jua Haki Zako: Shamba la jirani linapotaka kugeuzwa mtaa wa nyumba

Kiambu, Machakos, Kajiado, Nakuru: kote huko mashamba yanageuka mitaa. Ardhi ya kahawa ya Ruiru imebeba mji mzima wa Tatu City. Nyanda za Kitengela, walikopita nyumbu wakitoka Mbuga ya Nairobi kutafuta malisho, zimekatwakatwa kuwa ploti na kuzungushiwa seng'enge. Wakazi wengi hupata habari siku tingatinga linapoingia, na ingawa hata siku hiyo bado mna haki, mtakuwa mnakimbiza gari lililokwisha kuondoka. Sheria ya Kenya iliwapa nafasi ya kusema mapema zaidi. Wasiojua nafasi hiyo iko wapi huipoteza, na mimi naumia kila nikiona wanakijiji wenye hoja nzito wakishindwa kwa sababu ya tarehe.

Tuanze na mwenye shamba. Kifungu cha 40 cha Katiba kinalinda mali yake, na hilo mliheshimu. Lakini hatimiliki si ruhusa ya kujenga. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inamtaka apate kibali cha serikali ya kaunti kabla ya kuanza ujenzi wowote, na kama shamba limeandikishwa kuwa la kilimo, aombe kwanza kubadilisha matumizi yake. Anayeanza bila kibali ametenda kosa linaloweza kumletea faini ya hadi shilingi 500,000, kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili.

Sheria hiyo hiyo inamlazimu mwombaji kuutangazia umma na kuualika ulete pingamizi. Kwa kawaida tangazo hutoka gazetini na kwenye ubao unaosimikwa shambani. Ubao wenyewe mara nyingi ni kipande cha bati kilichopakwa rangi nyeupe, maandishi ya Kiingereza, juu kabisa CHANGE OF USER, yaani kubadilisha matumizi, kisha nambari ya ardhi, matumizi ya sasa, matumizi yanayoombwa, jina la mtaalamu wa mipango na anwani ya ofisi ya kaunti. Mstari wa mwisho ndio wenye uzito: wenye pingamizi waandike ndani ya siku 14. Nimeona ubao wa namna hiyo umesimikwa upande wa shamba usio na njia, nyasi zikiufikia shingoni. Ukikutana nao, upige picha inayosomeka, na nyingine inayoonyesha mahali ubao uliposimikwa, kisha uiandike tarehe. Kama haukuwekwa kabisa, au uliwekwa mafichoni, hiyo peke yake ni hoja.

Sasa barua. Ofisa wa mipango hapimi hasira, anapima sababu. Ukiandika kwamba hamtaki wageni, au kwamba mwenye shamba ni mkaidi, barua itawekwa kando, na ni haki yake kuiweka kando. Andika mambo yanayohusu ardhi. Je, mpango wa kaunti umetenga eneo hili kwa kilimo? Barabara ya kijiji itabebaje magari ya familia mia mbili? Majitaka yataishia wapi, ikiwa hakuna mfereji wa umma na mto uko mita chache chini? Visima vingapi vitachimbwa, na visima vyenu vitabaki na maji? Kifungu kimoja cha barua kinaweza kusomeka hivi:

“Sisi tuliotia sahihi hapa chini tunaishi kando ya shamba hili na tunanywa maji ya kijito kinachopita chini yake. Ombi halielezi majitaka ya nyumba hizo yatasafishwa vipi. Tunaomba kibali kikataliwe, au kisitolewe mpaka jambo hilo lielezwe kwa maandishi na sisi tupewe nafasi ya kujibu.”

Hayo yanatosha. Ambatanisheni picha, majina, nambari za vitambulisho na sahihi. Barua kumi za watu tofauti, kila mmoja akieleza kinachomgusa yeye, huwa na nguvu kuliko barua moja iliyonakiliwa mara kumi. Pelekeni nakala mbili, na msiondoke kaunta mpaka nakala yenu ipigwe muhuri wenye tarehe. Bila muhuri, kesho mtaambiwa hamkuleta kitu.

Kuna mlango mwingine ambao wengi hawaubishi. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya 1967, kuuza au kugawa ardhi ya kilimo katika maeneo yanayosimamiwa na sheria hiyo kunahitaji idhini ya bodi ya ardhi, ambayo mwenyekiti wake ni Naibu Kamishna wa Kaunti. Bodi inatakiwa kuangalia kama mgawanyo utapunguza mazao ya ardhi, na mauzo yasiyo na idhini ni batili. Ulizeni ofisini kwake kikao kijacho ni lini na mpeleke maoni yenu kwa maandishi.

Mtaa mkubwa unahitaji pia leseni ya mazingira kutoka NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, na hapa ndipo wananchi wanapotegwa zaidi. Kanuni zilizotoka 2003 ziliweka utaratibu wa mabango, gazeti, matangazo ya redio kwa lugha ya wenyeji, na mikutano ya wakazi isiyopungua mitatu. Kwa hiyo baraza litaitishwa, chifu atakuwepo, soda zitagawiwa, na karatasi ya mahudhurio itapitishwa mkono kwa mkono mtie sahihi. Karatasi hiyo itaonekana tena mwishoni mwa ripoti kama ushahidi kwamba wananchi walishirikishwa. Aliyekuja kupinga na aliyekuja kusikiliza tu watahesabiwa pamoja. Msikatae kutia sahihi, kwa kuwa mtaonekana hamkufika. Lakini kando ya jina lako andika “napinga” kwa herufi kubwa, na sababu kwa maneno machache. Ipige picha karatasi hiyo kabla haijaondoka. Mmoja wenu aandike kumbukumbu za mkutano: nani aliuliza nini, akajibiwa nini, na maswali gani yaliachwa bila jibu.

Msidhani hayo ni mambo madogo. NEMA ilitoa leseni mwaka 2016 kwa kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe huko Lamu. Wakazi, wakiongozwa na shirika la Save Lamu, walikata rufaa, na Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira likaifuta leseni hiyo. Sababu mojawapo kubwa ilikuwa kwamba mikutano na wakazi ilifanyika kabla utafiti wa athari haujakamilika. Watu waliulizwa maoni juu ya jambo ambalo hawakuwa wameonyeshwa. Kwa hiyo barazani swali la kwanza liwe: ripoti iko wapi, na tutaisoma lini?

Mkinyimwa ripoti au michoro, Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 vinawapa haki ya kuiomba kwa maandishi. Ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu. Ikinyamaza, mlalamikieni Ombudsman, yaani Tume ya Haki ya Kiutawala. Ila msikae kungoja habari hizo huku siku za pingamizi zikiisha. Wekeni pingamizi kwanza, mtaongeza maelezo baadaye.

Kampeni ya hadharani ina nafasi yake. Mwaka 1998 Wangari Maathai na wenzake wa Green Belt Movement waligundua kwamba sehemu za Msitu wa Karura zimegawiwa watu binafsi wajenge nyumba za kifahari. Waliandika barua, wakawaita waandishi wa habari, wakaenda msituni na miche. Januari 1999 walishambuliwa na walinzi, naye akajeruhiwa kichwani. Agosti mwaka huo Rais Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma, na Karura ipo hadi leo. Ninyi mna Kifungu cha 37 cha Katiba, kinacholinda maandamano ya amani na maombi kwa serikali. Mpeni mkuu wa kituo cha polisi taarifa ya maandishi, si chini ya siku 3 wala zaidi ya siku 14 kabla ya maandamano. Hiyo ni taarifa, si ombi la ruhusa. Bunge la kaunti pia linaweza kupokea ombi lenu, na mwakilishi wadi ajue kwamba mtakumbuka alisimama upande gani. Kwenye WhatsApp msimwite mtu mwizi wa ardhi kama hamna karatasi ya kuthibitisha. Kesi ya kuchafuliana jina itawamaliza nguvu na fedha kabla ya kesi ya shamba.

Kaunti ikitoa kibali, aliyeathirika ana siku 14 za kukata rufaa kwenye kamati ya kaunti ya mipango ya ardhi. Iulizieni kwa jina la Liaison Committee. Mkishindwa hapo, au mkikuta kaunti yenu haijaiunda, mahakama inayohusika ni ile ya Mazingira na Ardhi. Leseni ya NEMA hupingwa kwenye lile Jopo la Mazingira, ndani ya siku 60. Popote mtakapokwenda, ombeni siku hiyo hiyo amri ya kusimamisha kazi. Msitegemee kwamba rufaa yenyewe itazima mashine, na nyumba ikishafika linta, hata hakimu mwenye huruma husita.

Mahakamani mtaulizwa mmepata hasara gani. Lakini katika suala la mazingira, Kifungu cha 70 cha Katiba kinasema mlalamishi hahitaji kuonyesha kwamba yeye au mwingine amepata hasara au ameumia. Mama anayeuza sukuma wiki barabarani anaweza kuifungua kesi hiyo sawa na mwenye ekari 20. Asiye na fedha za wakili aanze na Kituo cha Sheria au Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, na aende mapema, siku za rufaa zikiwa bado zimebaki za kutosha kwa wakili kuisoma faili.