SAFARI YA FAMILIA MILIMANI: KUTOKA MOMBO HADI LUSHOTO

Somo letu la leo ni la safari. Shule zikifungwa, mwezi wa Juni au Desemba, familia nyingi hufunga mizigo kwenda kuwaona wazee. Baadhi yao hupanda milimani, na wengi ni watu wa nchi tambarare wasioizoea barabara ya mlima. Leo tutafuata barabara moja tu, ile itokayo Mombo kwenda Lushoto katika mkoa wa Tanga. Nimeichagua kwa sababu nimeipita mara nyingi pamoja na mke wangu na watoto, na kwa sababu ina karibu kila jambo ambalo msafiri wa milimani anapaswa kulijua. Anayekwenda Upare, Uluguru, Uporoto au anayepita Kitonga atayakuta mambo yale yale.

Kabla ya kuondoka

Mombo ipo chini, kwenye barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha. Mji huo upo kiasi cha mita 400 juu ya usawa wa bahari. Lushoto ipo karibu mita 1,400. Njia yenyewe ni kilomita 33 hivi. Chukua kalamu yako, toa 400 katika 1,400. Utapata 1,000. Maana yake ni kwamba katika kilomita 33 familia yako inapandishwa mita 1,000 kwenda juu.

Sasa sikiliza. Kwa kawaida, kila unapopanda mita 1,000 hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi za Sentigredi. Mombo kukiwa na nyuzi 30, Lushoto saa ile ile huenda kukawa na nyuzi 24, na usiku baridi huzidi sana, hasa mwezi wa Juni na Julai. Kwa hiyo sweta za watoto zikae mkononi, siyo ndani ya sanduku lililofungwa kwa kamba juu ya gari. Nimewaona akina baba wakishuka stendi ya Lushoto na shati jepesi, meno yanagongana, na sweta zipo chini ya magunia ya watu!

Mtoto anayetapika garini akae mbele kama inawezekana, atazame mbali, asiiname kuchezea simu. Asile chakula chenye mafuta mengi asubuhi hiyo. Chukua kopo lenye kifuniko, maana mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019. Masikio yakiziba mkiwa njiani msiogope. Hewa ya juu ni nyepesi kuliko ya chini, na sikio linahitaji muda kusawazisha. Meza mate, au piga miayo. Mtoto mchanga mpe ziwa anyonye, naye atakuwa anameza.

Jambo la mwisho kabla ya kupanda: soma gari. Ubavuni mwa gari nyingi za abiria pameandikwa idadi ya abiria. Wewe umejifunza kusoma na kuhesabu, basi soma namba hiyo, kisha hesabu vichwa. Tazama na tairi. Kama limekuwa laini kama kisigino cha mtoto, gari hilo liache liende zake.

Njia ya kupanda

Ukitoka Mombo unaanza kona mara moja. Watoto watauliza, kwa nini barabara haikunyooka? Waulize na wao: mama akibeba ndoo ya maji kupanda kilima, je, hupanda moja kwa moja? La, hupinda huku na huku. Njia inakuwa ndefu zaidi lakini mwinuko unapungua. Hata injinia wa barabara hufanya vile vile. Barabara imekatwa ubavuni mwa mlima, upande mmoja ni mwamba na upande wa pili ni korongo. Mto unausikia chini hata kabla hujauona.

Baada ya mwendo mtafika Soni. Hapo yapo maporomoko ya maji karibu kabisa na barabara. Kama mna gari lenu, simameni mahali penye nafasi, siyo kwenye kona, mshuke mtazame. Maji hayo yakimaliza kuruka hapo hushuka hadi Mombo, na huko hugawanywa kwa mifereji katika mashamba ya mpunga. Mwonyeshe mtoto jambo hili. Wali anaokula mtu wa bondeni umeanzia huku kwenye ukungu.

Na ukungu wenyewe unatoka wapi? Pepo kutoka Bahari ya Hindi huja na hewa yenye unyevu. Zikikutana na milima hulazimika kupanda. Hewa ikipanda inapoa, na ikipoa unyevu unakuwa mawingu na mvua. Mvua ikishanyesha upande wa bahari na juu ya milima, hewa inayovuka upande wa pili imebaki kavu. Ndiyo sababu Usambara kuna misitu, chai na kabichi, na hapo chini Mazinde na Mkomazi ni nchi ya vichaka na miiba, ingawa ni jirani kabisa. Milima hii ni mikongwe sana na misitu yake ina miti na maua ambayo asili yake ni huku na si kwingine. Lile ua dogo la zambarau linalopandwa katika vyungu huko Ulaya na Marekani lilitoka katika milima hii hii ya Usambara. Ofisa mmoja wa Kijerumani, Walter von Saint Paul, ndiye aliyelipeleka kwao mwaka 1892, nao wakaliita kwa jina lake.

Soni ni njia panda ya kwenda Bumbuli. Huko ndiko iliko Vugha, iliyokuwa makao ya watawala wa Kikilindi. Wazee husimulia kwamba wa kwanza wao, Mbegha, alikuwa mwindaji mgeni aliyetoka Ungulu. Aliwagawia watu nyama, akaua simba, nao wakampa utawala. Mtoto akichoka na kona, msimulie hadithi hiyo. Atakayetaka kuisoma yote aitafute katika kitabu cha Habari za Wakilindi, kilichoandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi. Kiswahili chake ni cha zamani lakini kinasomeka.

Kutoka Soni barabara inaendelea kupanda kati ya vijiji na bustani. Wakati wa msimu watoto wa huko husimama kando na vikapu vya plamsi, pichesi na peasi. Mnunue, lakini dereva asisimame katikati ya barabara kwa ajili ya kikapu cha peasi.

Lushoto mji wake ni mdogo na wa baridi. Wajerumani waliuita Wilhelmstal, yaani bonde la Wilhelm, kwa jina la mfalme wao. Kilomita chache kutoka mjini kuna Irente, mahali ambapo mlima unakatika ghafla. Ukisimama pale unaiona nyika yote chini, mashamba ya mkonge na barabara kuu kama uzi. Hakuna picha inayoweza kukuonyesha ukubwa wake. Hapo ndipo mtoto ataelewa hesabu yetu ya mita 1,000. Mshike mkono lakini! Genge halina ukuta, na mawe ya ukingoni huteleza asubuhi.

Kushuka ndiko kwenye kazi

Watu wengi huogopa kupanda. Gari linanguruma, linakwenda polepole, wanaona kama litarudi nyuma. Wakati wa kushuka wanafurahi, gari ni jepesi, upepo unapita dirishani, watu wanasinzia. Hofu hiyo wameiweka mahali pasipo pake.

Sugua viganja vyako viwili kwa nguvu huku ukihesabu hadi 20. Vimepata moto, sivyo? Breki ya gari hufanya kazi kwa msuguano kama huo. Gari lililojaa watu na viazi linateremka mita 1,000, na dereva anakanyaga breki njia nzima. Breki inapata moto hadi inanuka kama mpira unaoungua. Mwishowe haishiki tena. Katika magari madogo, mafuta ya breki huchemka na kuwa mvuke, na dereva akikanyaga, pedali inazama kama anakanyaga matope.

Dawa yake inajulikana tangu zamani: shuka kwa gia ile ile ambayo ungepandia. Kama mlima huo unapandwa kwa gia ya pili, uteremke kwa gia ya pili. Injini yenyewe italizuia gari, na breki itabaki kwa ajili ya kona na dharura. Gari lisilo na gia za mkono nalo lina mahali pa kuchagua gia nzito, basi dereva apatumie.

Wako madereva wanaotia gia huru mteremkoni, eti wanaokoa mafuta. Hii si kweli tena. Magari mengi ya siku hizi, dereva akiondoa mguu kwenye mafuta huku gia imeingia, injini hukata mafuta yenyewe. Katika gia huru injini huendelea kunywa mafuta ili isizimike. Kwa hiyo dereva huyo hapati akiba, na gari limebaki mikononi mwa breki peke yake.

Safari moja tulikuwa tunashuka katika basi dogo, mimi na familia yangu, tumekaa kiti cha nyuma. Baada ya Soni ngurumo ya injini ikakoma. Gari likawa linateleza tu kama mtumbwi. Kona ya kwanza, ya pili, harufu ikaanza. Mimi nilikuwa nafungua kinywa, lakini mama mmoja wa makamo, aliyekuwa na kuku mapajani, alinitangulia.

"Mwanangu, ingiza gia."

"Mama, mlima huu naujua mimi," dereva akajibu.

"Na mimi nimezaliwa Soni. Ingiza gia, au tushushe hapa hapa tutembee."

Konda akacheka. Lakini mzee mmoja naye akasema tushushwe, na mke wangu akasema, na wanafunzi wawili wa sekondari wakagonga bati. Dereva akaingiza gia, akasimama mahali penye upana, akaweka jiwe nyuma na mbele ya tairi. Tulikaa hapo robo saa na zaidi breki zikipoa. Konda alitaka kuzimwagia maji, dereva mwenyewe akamkataza, maana chuma cha moto kikimwagiwa maji baridi hupasuka. Hapo niliona kwamba kazi aliijua. Alichokosa ni mtu wa kumkumbusha. Tulifika Mombo wazima, na kuku pia.

Breki zikikataa kabisa, dereva ashushe gia moja baada ya nyingine, avute breki ya mkono kidogo kidogo, apige honi na kuwasha taa. Ikibidi kugusa kitu, aliegemeze gari upande wa mlima, siyo upande wa korongo. Kukwaruza mlango kwenye udongo ni hasara ya bati.

Kwenye njia nyembamba, madereva wenye busara wanaoshuka humpisha anayepanda, kwa sababu mwenye mzigo akisimama katikati ya mlima ni shida kuondoka tena. Malori ya kabichi na viazi yanayokwenda Dar es Salaam hushuka kwa wingi jioni na usiku. Familia yenye watoto ishuke asubuhi, ukungu ukishaondoka.

Alama za barabarani sasa unaweza kuzisoma hata kama hazina maandishi. Pembetatu yenye ukingo mwekundu inakuonya. Duara lenye ukingo mwekundu linakukataza. Pembetatu yenye mawe yanayoanguka usiipuuze wakati wa mvua. Udongo wa mteremkoni ukishiba maji unakuwa mzito na kukatika. Novemba 2009 udongo uliporomoka katika kijiji cha Goha, wilaya ya Same, ukafukia nyumba na kuua watu. Ukiona udongo mpya barabarani, mti uliolala au ufa ubavuni mwa mlima, msivuke. Rudini nyuma mngoje, hata kama sherehe inawasubiri.

Mkishuka tazameni pia mashamba. Mengine yana ngazi na majani ya kushika udongo, mengine yamelimwa toka juu hadi chini bila kizuizi. Katika miaka ya 1950 serikali ya Waingereza iliwalazimisha Wasambaa kuchimba matuta kwa amri, nao wakakataa kwa hasira, maana kazi ilikuwa nzito na mavuno hawakuyaona. Siku hizi wapo wakulima wanaotengeneza ngazi kwa hiari yao, kwa sababu udongo unaoshuka wanaufahamu kuwa ni wao. Jirani zao wa mpunga kule Mombo wanazibua mifereji iliyojaa udongo huo huo.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Kilomita 33 ni mita 33,000. Kama unapanda mita 1,000 kwa njia yote, je, kila mita ngapi za mwendo unapanda mita 1?

2. Basi limeondoka Mombo saa 2.00 asubuhi, likafika Lushoto saa 3.15. Limesimama Soni dakika 15. Mwendo wake wa wastani likiwa linatembea ulikuwa kilomita ngapi kwa saa?

3. Upande upi wa mlima ulio karibu nawe unapata mvua nyingi? Upepo wa mvua unatoka wapi?

4. Mmoja wenu awe dereva, mwingine abiria. Abiria amwambie dereva aingize gia. Jaribuni kwa maneno ya adabu kwanza, halafu jadilini mtasema nini akikataa.