Dereva "hajazidi kiwango": maana yake nini?

Huenda ukajiuliza, ukurasa wa afya katika gazeti la Waislamu una shughuli gani na viwango vya pombe, ilhali kwetu sisi kidogo chake na kingi chake hukumu ni moja. Jibu ni jepesi. Wewe hunywi, lakini unapanda daladala, unapewa lifti na mfanyakazi mwenzako, na mwanao anavuka barabara kwenda madrasa. Aliyeshika usukani si lazima awe na msimamo wako. Naye ukimuuliza, mara nyingi atakwambia: "Nimekunywa mbili tu, sijazidi kiwango."

Kiwango hicho hupimwa kwa miligramu za pombe katika kila mililita 100 za damu. Hapa Tanzania kikomo cha kisheria kwa dereva wa kawaida ni 80. Ujerumani na Ufaransa ni 50, Japani 30, Sweden na Norway 20. Hungary na Jamhuri ya Czech haziruhusu hata tone, na ndivyo ilivyo Saudi Arabia. Shirika la Afya Duniani linashauri nchi zisivuke 50, na kwa madereva vijana na wageni wa usukani zisivuke 20.

Sasa tumchukue mwanaume wa kilo 70 anywe chupa moja ya bia ya nusu lita yenye kilevi asilimia 5. Hapo amemeza takriban gramu 20 za pombe, na damu yake inaweza kukaribia miligramu 40. Akiwa Stockholm au Tokyo ni mhalifu. Akiwa Dar es Salaam bado ana nafasi ya chupa ya pili. Ni mtu yule yule na ubongo ule ule. Mwanamke wa uzito huo huo hupanda zaidi, kwa sababu mwili wake kwa kawaida una maji kidogo ya kuizimua pombe hiyo.

Basi hii 80 ilitoka wapi? Uingereza iliiweka mwaka 1967, ikiegemea zaidi utafiti uliofanywa katika mji wa Grand Rapids, Marekani, na kutolewa mwaka 1964. Aliyeuongoza ni Robert Borkenstein, ambaye mwaka 1954 alikuwa amebuni mashine ya kupima pombe kwa pumzi. Walilinganisha madereva waliopata ajali na wengine waliopita sehemu hizo hizo salama. Wakakuta hatari inaanza kuongezeka dereva akivuka miligramu 40, na baada ya 80 inapaa kwa kasi. Zingatia hapo, msomaji. Waliochagua 80 hawakuchagua mahali hatari inapoanza, bali mahali inapokuwa kubwa kiasi cha kumfikisha mtu mahakamani. Kabla ya hapo, dereva mwenye miligramu 20 tu tayari macho yake yanachelewa kufuata kitu kinachotembea, na kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja kunamshinda. Kwenye 50, usukani unaanza kumsumbua na breki ya ghafla inachelewa. Mtoto anayekimbiza mpira barabarani hasubiri afike 80.

Uskochi walilitazama hilo upya, na tarehe 5 Desemba 2014 wakashuka hadi 50, huku England ikibaki na 80 yake. Ikawa dereva mwenye miligramu 60 akitoka England anageuka mkosaji pale anapovuka mpaka, hali damu yake haikubadilika. Tena Waingereza hao hao kwa rubani wa ndege wameweka 20. Wanajua vizuri kabisa!

Jambo ambalo familia nyingi hazilifikirii ni asubuhi. Ini huondoa pombe pole pole, wastani wa miligramu 15 kwa saa. Aliyeacha kunywa saa sita za usiku akiwa na 160, saa kumi na mbili asubuhi bado ana karibu 70. Ameoga, amevaa shati safi, anawasha gari la kupeleka watoto shule. Kwa sheria yetu amepita, kwa Uskochi angekamatwa. Kahawa kali, ndimu, maziwa, maji baridi ya kichwani, vyote haviliharakishi ini hata kwa dakika moja. Kahawa itamfanya mlevi awe macho tu.

Kwa hiyo wewe mzazi unayekodi gari la shule, usiulize leseni peke yake. Uliza dereva anakesha wapi Ijumaa na Jumamosi. Usitegemee harufu, maana pipi ya mnanaa inaficha mengi. Tazama anavyofunga breki na anavyokaa katika njia yake. Na ukipewa lifti na mtu aliyekunywa, huna haja ya ugomvi. Mwambie, "Kaka, leo nitapanda gari jingine, ahsante," ushuke. Kama gari ni lako, omba ufunguo kabla hajakaa.

Swali moja hutusumbua sisi tusiokunywa: je, mashine ya trafiki inaweza kutukamata kwa dawa? Baadhi ya dawa za kusukutulia mdomo na za kikohozi zina pombe, na ukipuliza mara tu baada ya kuzitumia mashine inaweza kusoma. Hiyo ni pombe ya mdomoni, kwa kawaida huisha ndani ya dakika 15 hivi. Mweleze askari kwa adabu, omba usubiri upimwe tena. Mswaki wa mti hauna kesi. Ila dawa za mafua na mzio zinazoleta usingizi, kama klorofeniramini, mashine haizioni kabisa, nazo humsinzisha dereva. Soma karatasi ya dawa, na kama imeandikwa usiendeshe, mpe mwingine usukani.