Mama amepumzishwa, mbona hana raha?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 71. Baba alipofariki mwaka jana tulimtoa Ifakara tukamleta kwetu Kinyerezi apumzike. Dada wa kazi anapika na kufua, televisheni ipo. Lakini chakula anaonja tu, usiku halali, mchana analalamika mgongo unawaka moto na moyo unakwenda mbio. Tumepima malaria, presha na sukari, tunaambiwa mzima. Tatizo nini?
Msomaji, Kinyerezi

JIBU: Marahaba. Poleni kwa msiba. Wewe umeutaja kwa maneno mawili. Kwa mama yako huenda ndiyo habari yote. Amefiwa na mume, na kabla hajamaliza kumlilia akaachishwa shamba, majirani na jiko lake. Ifakara alikuwa mtu wa kuulizwa mpunga upandwe lini. Kwenu anashinda ndani ya geti, nyinyi mmetoka alfajiri kukwepa foleni ya Tabata, mnarudi watoto wamelala.

Ninashuku sonona. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa takriban asilimia 14 ya watu wa miaka 60 na zaidi wana tatizo la afya ya akili, na sonona iko mstari wa mbele. Kwa wazee wetu mara nyingi haisemi "nina huzuni". Inasema mgongo, tumbo, moyo. Msidhani anadeka. Maumivu hayo anayasikia kweli.

Hata hivyo, vipimo bado. Apimwe wingi wa damu, tezi ya shingo na, inapowezekana, vitamini B12. Akaguliwe macho na masikio pia: asiyesikia vizuri huacha kuchangia mazungumzo, nanyi mkasema amenuna. Vituo vya serikali vina utaratibu wa kuwatibu bure wazee wa miaka 60 na zaidi wasiojiweza, ingawa dawa zikiisha utaelekezwa duka la nje.

Nyumbani, mrudishieni kazi. Siku mbili tatu kwa wiki jiko liwe lake, dada amsaidie. Uani apande matembele. Mpeni fedha mkononi, iwe yake ya sadaka na ya pipi za wajukuu. Mpelekeni jumuiya ya mtaa au darsa la kina mama, mtu amsindikize mara za mwanzo. Harare, tangu 2006, Dk. Dixon Chibanda amewafundisha mabibi wa mitaani kuwasikiliza wenye sonona, na wengi wamepata nafuu. Mzee kumbe anaweza kuwa mganga.

Akisema "bora nimfuate mzee", msimkemee. Siku hiyohiyo mpelekeni hospitali. Sonona ina tiba, ya mazungumzo na ya dawa.

Barua yako haioneshi kama mama aliulizwa anataka kukaa wapi. Muulizeni. Akisema Ifakara, msikimbilie kukataa: pangeni nani atamwangalia huko, nani atatuma fedha, na likizo za watoto ziwe za kwenda kwa bibi.