Mtenda Akijitenda: Maneno ya “Self” katika Kiingereza

Mtu mmoja alikwenda msituni pamoja na jirani yake kuchanja kuni. Shoka likamteleza mkononi, akajikata mguu. Jirani akalifunga jeraha kwa kitambaa, akamchukua mgongoni mpaka nyumbani. Ndugu yake mdogo, aliyekuwa akisoma shuleni, akatwaa karatasi, akamwandikia daktari habari ile kwa Kiingereza: “My brother and a neighbour were cutting wood, and he cut him in the leg.”

Daktari alipokwisha kusoma akauliza, “Huyo jirani aliyemkata mwenzake yuko wapi? Je, polisi wamekwisha pata habari?” Maskini jirani! Alitenda wema, na sasa barua yamshitaki. Kosa lilikuwa katika neno moja tu: kijana aliandika “him” mahali pa “himself”.

Katika Kiswahili silabi moja yatosha kuonyesha tofauti hii. “Alimkata” ni habari ya watu wawili: mmoja mtenda, wa pili mtendwa. “Alijikata” ni habari ya mtu mmoja, naye ni mtenda na mtendwa pia. Tena silabi hiyo “ji” haibadiliki kamwe. Husemwa nilijikata, ulijikata, alijikata, tulijikata, mlijikata, walijikata. Mtenda awe nani, “ji” ni ile ile.

Kiingereza sivyo kilivyo. Neno la kujitenda husimama peke yake baada ya kitendo, nalo hubadilika kwa kumfuata mtenda:

I cut myself — nilijikata.
You cut yourself — ulijikata.
He cut himself — alijikata (mwanamume).
She cut herself — alijikata (mwanamke).
It cut itself — alijikata (mnyama).
We cut ourselves — tulijikata.
You cut yourselves — mlijikata.
They cut themselves — walijikata.

Mwanafunzi na aangalie mambo mawili. La kwanza, “you” ni neno moja kwa mtu mmoja na kwa wengi, lakini mwisho wake hupambanua. Mama akimwambia mtoto mmoja ajioshe, atasema “Wash yourself”. Akiwaambia watoto watatu, atasema “Wash yourselves”. “Self” ikiwa ya wengi huwa “selves”, kama vile “knife” huwa “knives”. La pili, husemwa “myself” na “ourselves”, kwa maneno ya kumiliki, lakini “himself” na “themselves” hayakufuata njia hiyo. Kwa hiyo “hisself” na “theirselves” si Kiingereza cha vitabu, ijapokuwa husikika katika lugha za mashamba huko Uingereza.

Yule kijana asichekwe sana. Waingereza wa kale, kabla ya mwaka 1100, walitumia “him” kwa maana zote mbili, ya kumtenda mwingine na ya kujitenda. Msikilizaji alipaswa kufahamu kwa maneno yaliyotangulia. Neno “self” liliongezwa ili kukaza maana. Baadaye likazoeleka, hata mwisho likawa la lazima.

Kuna mtego mwingine. “Walijiumiza” ni “They hurt themselves”. “Waliumizana” ni “They hurt each other”. Katika neno la kwanza hapana ugomvi, kila mmoja aliumia kwa mkono wake mwenyewe. Katika la pili kuna vita. Mbele ya hakimu, mwenye kuchanganya maneno hayo aweza kuwatia hatiani watu wasio na kosa.

Wala si kila “ji” ya Kiswahili huhitaji “self”. “Ninajifunza Kiingereza” ni “I am learning English”. Asemaye “I am learning myself English” amekosa. Kujitahidi ni “to try hard”, bila “self”. Tena katika kujibu, “ji” si ya kujitenda hata kidogo, bali ni sehemu ya neno lenyewe.

Mwisho, maneno haya haya hutumika kwa kukaza, kama “mwenyewe” katika Kiswahili. “The chief himself came” maana yake ni “Jumbe mwenyewe alikuja”, wala hakutuma mtu. Methali isemayo “Mchimba kisima huingia mwenyewe” yaweza kutiwa katika Kiingereza hivi: “The man who digs a well goes into it himself.” Na likitanguliwa na “by”, maana huwa peke yake: “She lives by herself,” anakaa peke yake.

Basi, kabla ya kuandika, mwanafunzi na ajiulize maswali mawili: Ni nani atendaye? Ni nani atendwaye? Wakiwa wawili, “him” au “her” yatosha. Akiwa mmoja, “self” haina budi kuwapo. Yule kijana alipokwisha kufundishwa hayo, aliandika barua ya pili: “My brother cut himself in the leg. Our neighbour carried him home.” Hapo daktari akafahamu kwamba aliyeumia ni mmoja, na aliyemsaidia ni wa pili, na jirani, badala ya kuulizwa maswali, akapewa shukrani.

Zoezi. Tia katika Kiingereza:
1. Msichana alijiona katika kioo.
2. Watoto, msijiumize!
3. Ndugu wawili walisaidiana.
4. Mwalimu mwenyewe alifagia darasa.
5. Juma alimkata Ali, Ali hakujikata.
6. Tunajifunza kuandika barua.