Tovuti ndogo isiyohitaji kanzidata

Tovuti yetu ya kwanza ilitengenezwa na kijana wa kujitolea. Alipohama, hakuna kati yetu aliyejua neno la siri la kanzidata, yaani ghala ambamo programu huhifadhi kurasa zote. Siku seva ilipoharibika hatukuwa na nakala. Ripoti za miaka mitatu za visima na vikundi vya akiba zikapotea.

Tangu hapo tumejifunza kwamba ofisi ndogo inaweza kutumia chombo rahisi zaidi. Zipo programu zinazotunza kila ukurasa kama faili la maandishi ndani ya folda. Mojawapo ni DokuWiki, iliyotolewa mwaka 2004. Ni ya bure, na huendeshwa kwenye seva yenye PHP. Kuweka akiba ni kunakili folda na kuihifadhi kwenye flashi. Hata programu ikiharibika, maandishi husomeka kwenye kompyuta yoyote.

Kabla ya kuchagua, jadilianeni:

• Je, tovuti yetu ni ya habari na ripoti tu? Faili zatosha. Kwa kusajili maelfu ya watu, kanzidata inafaa zaidi.
• Je, watu wawili au zaidi wanaweza kuiendesha?
• Nani ataweka masahihisho ya usalama? Bila hayo, hata tovuti isiyo na kanzidata huvamiwa.
• Nakala inatunzwa wapi, mbali na seva?

Mjenzi wa mnara katika Luka 14 anafundishwa kuhesabu gharama kwanza. Nasi tuhesabu gharama ya kutunza, si ya kujenga peke yake.