Kutoka Dar es Salaam hadi Hsinchu: maswali kuhusu safari ya Hasheem Thabeet

Swali: Mwaka 2009 Thabeet alichaguliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Mbona hakung'ara kama wao?

Jibu: Tuanze na umri. Alianza kucheza kikapu akiwa na miaka 15, hapa Dar es Salaam. Alipokuwa na miaka 22 Memphis Grizzlies wakamchukua, naye akawa Mtanzania wa kwanza NBA. Huo ni muda mfupi mno.

Ila sababu ninayoipa uzito zaidi ni sheria za mchezo. Katika vyuo vya Marekani, beki anaweza kusimama chini ya goli hadi achoke mwenyewe. Mtu wa sentimeta 221 akisimama pale na kunyoosha mikono, nani atafunga? Msimu wake wa mwisho Chuo Kikuu cha Connecticut alizuia zaidi ya mitupo minne kwa mchezo. NBA haina nafasi hiyo: kama humkabi mtu kwa karibu, una sekunde tatu, utoke. Unatoka kumfuata mshambuliaji mwepesi pembeni, kisha ugeuke urudi golini kabla yake. Kazi hiyo ni ya miguu, na miguu hufundishwa utotoni.

Swali: Ni kweli aliteremshwa?

Jibu: Ndiyo. Februari 2010 alipelekwa Dakota Wizards, timu ya ligi ya kukuza wachezaji. Hadi siku hiyo hakuna aliyechaguliwa nafasi ya juu kama yake aliyewahi kupelekwa huko. Wengi waliona aibu. Mimi niliona amepewa alichokosa Memphis, yaani dakika za kucheza.

Swali: Kwa nini alihamahama?

Jibu: Nyumbani tunadhani mchezaji ndiye anayeamua. NBA klabu hubadilishana mikataba, na mchezaji hufuata mkataba wake. Ndivyo alivyokwenda Houston 2011 na Portland 2012; kisha akasaini mwenyewe Oklahoma City, misimu miwili. Simu ikilia asubuhi, jioni unafunga begi.

Swali: Kwenda kucheza Asia si kushuka?

Jibu: Hapana, nami nalikataa neno hilo. Alikwenda Yokohama, Japani, mwaka 2017, na 2020 akajiunga na Hsinchu, Taiwan. Kule nafasi za wageni ni chache, hivyo mgeni anatarajiwa kuibeba timu. Tena sheria za kimataifa hazimfukuzi beki chini ya goli. Akiwa na miaka 33 alirudi kwenye kazi aliyoijua vizuri kuliko zote.

Swali: Mwalimu, mwanangu ana miaka 12 na amerefuka sana. Nifanyeje?

Jibu: Mzazi mwenzangu, mpeleke kwa kocha wiki hii, usingoje afike sekondari. Aruke kamba, ajifunze kugeuka na kurudi nyuma bila kujikwaa, kufunga kutakuja. Wakala akibisha hodi, muombe leseni yake ya FIBA, shirikisho la kikapu duniani, na usome mkataba wote. Kanuni za FIBA hazimruhusu kuchukua zaidi ya asilimia 10 ya mshahara wa mchezaji. Anayetaka zaidi ya hapo, usimpe saini yako.